Gari la familia likianza kugonga, lipimwe kwanza ndipo spea zinunuliwe

SAUTI huanza taratibu. Gari likipita kwenye tuta la karibu na shule, au kwenye kipande cha barabara ya vumbi, kitu fulani chini upande wa mbele kinalia ko-ko-ko. Wiki ya kwanza baba anasema ni jeki imelegea kwenye buti. Wiki ya pili redio inaongezwa sauti. Mwezi wa tatu watoto wameshaizoea, na mdogo wao anaiigiza kabla gari halijafika kwenye shimo.

Familia nyingi zenye gari la zamani hufanya moja kati ya mambo mawili. Zipo zinazopuuza, kwa sababu gari bado linawaka na linafika. Zipo zinazokwenda gereji, fundi anabonyeza boneti mara mbili, anasema “shokapu zimekufa”, na fedha iliyokuwa ya ada inanunua shokapu nne. Kesho yake gari linapita kwenye tuta lile lile na kulia vile vile.

Kupuuza kunaweza kuua. Kununua spea kwa kubahatisha kunamaliza fedha, na ubaya wake mwingine ni kwamba mzazi aliyekwishapoteza fedha mara moja harudi gereji haraka, hata pale anapotakiwa kurudi siku hiyo hiyo.

Wazazi wanalijua jambo hili vizuri kwenye afya ya watoto. Zamani kila homa ilikuwa malaria, na kila mwenye homa alipewa dawa. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba kila anayedhaniwa kuwa na malaria apimwe kwanza kabla ya kutibiwa, na leo mama akifika zahanati na mtoto anayechemka, mtoto anatobolewa kidole kwanza. Gari linalogonga linastahili utaratibu huo huo: maelezo, uchunguzi, kipimo, kisha tiba. Na kama ilivyo kwa mgonjwa, kuna dalili zinazoweza kusubiri mwisho wa mwezi na kuna zisizosubiri hata kesho.

Kilichopo chini ya gari

Mfumo wa chini ambao mafundi huuita sasipensheni una kazi mbili. Ya kwanza ni kuwapunguzia abiria mitikisiko. Ya pili, ambayo wengi hawaifikirii, ni kuhakikisha matairi hayaachi kugusa barabara. Sehemu ya tairi inayogusa ardhi kwa wakati mmoja ni kama ukubwa wa kiganja cha mtu mzima. Viganja vinne hivyo ndivyo vinavyoshika gari lote na watoto waliomo. Tairi linalorukaruka halishiki breki wala halifuati usukani.

Springi ndizo zinazobeba uzito wa gari. Shokapu hazibebi gari, kama wengi wanavyodhani. Kazi yake ni kuituliza springi isiendelee kunesa baada ya kubonyea. Mikono ya chini, maarufu kama kontroli amu, huunganisha gurudumu na mwili wa gari kupitia bushi za raba upande mmoja na boljointi upande mwingine. Boljointi ni kama nyonga ya binadamu: tufe dogo la chuma ndani ya kikombe, linaloliwezesha gurudumu kupanda, kushuka na kukata kona. Tairodi endi hupeleka amri ya usukani kwenye gurudumu. Kisha kuna stabilaiza, chuma kirefu kinachozuia gari lisilale upande kwenye kona, na linki zake mbili fupi kulia na kushoto.

Magari madogo mengi yaliyojaa mitaani, kama Toyota Vitz na IST za mwanzoni mwa miaka ya 2000, yana muundo unaofanana. Mbele kuna shokapu iliyovaa springi kwa pamoja, muundo unaobeba jina la mhandisi Mmarekani Earle MacPherson aliyeubuni miaka ya 1940. Nyuma kuna boriti moja inayounganisha magurudumu mawili, ikishikwa na bushi mbili kubwa. Ni muundo rahisi na imara. Lakini gari lililotengenezwa mwaka 2003 lina zaidi ya miaka 20, na raba zake zina umri huo huo kama hazijawahi kubadilishwa. Raba huzeeka hata gari likiwa limeegeshwa.

Maelezo ya mgonjwa

Daktari mzuri huuliza maswali kabla ya kushika kipimo. Mzazi anayekwenda gereji akiwa na majibu ya maswali manne huokoa fedha nyingi: sauti inatokea wapi, inatokea lini, kwa mwendo gani, na ilianza baada ya tukio gani. Njia nzuri ya kupata majibu ni kuendesha polepole kwenye barabara tulivu, redio imezimwa, vioo vimeshushwa na buti limetolewa kila kitu. Mtu mzima mwingine akae kiti cha nyuma na kusikiliza. Chupa ya maji chini ya kiti na jeki iliyolegea zimewahi kuuza spea nyingi.

Sauti ya ko-ko-ko inayofuatana haraka kwenye vishimo vidogo, gari likienda polepole, mara nyingi ni linki za stabilaiza au raba zinazoishika stabilaiza yenyewe. Mlio mmoja mzito, du, wakati wa kukanyaga breki au kuondoka, huelekeza kwenye bushi za kontroli amu. Usukani ukizungushwa gari limesimama na kitu kikasikika kama waya unaoruka, mshukiwa ni mauntini ya juu ya shokapu, ambayo ina beringi ndani yake.

Gari likivuka tuta kisha likaendelea kupanda na kushuka kama mtumbwi, hapo ndipo shokapu zinapoingia kwenye orodha. Mvumo unaoongezeka kadiri mwendo unavyoongezeka ni tabia ya beringi ya gurudumu au matairi yaliyolika vibaya. Mlio wa tak-tak-tak unaosikika tu wakati wa kukata kona kali huku gari likivuta huwa ni wa jointi ya shafti inayozungusha gurudumu, ambayo si sehemu ya sasipensheni kabisa.

Usukani unaotetemeka kwenye mwendo wa kilomita 80 hadi 100 kwa saa uanzie kwenye balansi ya matairi, kwa kuwa ndiyo rahisi kupima. Gari linalovuta upande mmoja lianzie kwenye upepo. Tairi moja lenye upepo mdogo linatosha kulivuta gari zima, na kujaza upepo ni gharama ndogo kuliko zote.

Anachoweza kukiona mzazi nyumbani

Kuna uchunguzi ambao mama au baba anaweza kuufanya mwenyewe asubuhi ya Jumamosi bila spana hata moja. Gari liegeshwe sehemu tambarare, handibreki ivutwe, watoto wakae pembeni.

Kwanza ni kulitazama kwa mbali, mbele na nyuma. Je, limelala upande mmoja? Tepu ya fundi cherehani inatosha kupima umbali kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi, kulia na kushoto. Kama upande mmoja umeshuka waziwazi kuliko mwenzake, springi inaweza kuwa imechoka au imekatika. Springi hupenda kukatika kwenye mzunguko wa mwisho wa chini, mahali ambapo jicho halifiki kirahisi.

Pili ni matairi. Kiganja kipitishwe taratibu juu ya kashata za tairi. Tairi lililolika ukingo wa ndani au wa nje pekee linasema alaimenti imeharibika, na chanzo chake kinaweza kuwa bushi au boljointi iliyolegea. Lililolika katikati limejazwa upepo kupita kiasi. Lililolika kingo zote mbili limekosa upepo. Lenye mabonde mabonde kama barabara ya vumbi baada ya mvua linaonyesha kwamba lilikuwa likirukaruka, na hapo shokapu au balansi ndiyo ya kuulizwa. Upepo unaotakiwa huandikwa kwenye kibandiko kilichopo kwenye fremu ya mlango wa dereva.

Umri wa tairi nao husomwa ubavuni, kwenye tarakimu nne za mwisho zinazofuata herufi DOT. Tarakimu 3518 zina maana ya wiki ya 35 ya mwaka 2018. Hakuna maana ya kuweka shokapu mpya juu ya tairi lililopasuka nyufa kwa uzee.

Tatu ni shokapu. Kwa kutumia tochi ya simu, mzazi atazame nyuma ya gurudumu. Shokapu kavu yenye vumbi ni ya kawaida. Shokapu iliyolowa, ambayo vumbi lake limegandana na mafuta kuwa tope jeusi, imeanza kuvuja. Kubonyeza pembe ya gari na kuiachia kunasaidia kidogo: ikiendelea kunesa mara kadhaa badala ya kupanda mara moja na kutulia, shokapu imechoka. Lakini kipimo hiki hukamata shokapu iliyokufa tu. Iliyodhoofika inaweza kukipita, na hakisemi lolote kuhusu linki, bushi wala boljointi. Fundi aliyebonyeza boneti na kutaja spea nne hapo hapo hajapima.

Kwa mzazi, uchunguzi wa nyumbani uishie hapo. Asiingie chini ya gari lililonyanyuliwa kwa jeki peke yake, hata kwa dakika moja, hata kama tairi la spea limewekwa pembeni. Jeki ni ya kunyanyulia. Kinachopaswa kulibeba gari wakati mtu yuko chini ni stendi za chuma kwenye ardhi ngumu.

Kipimo cha gereji

Chukua mfano wa mama mwenye IST ya mwaka 2004 anayepeleka watoto wawili shule kila asubuhi. Gari linalia ko-ko-ko upande wa mbele kushoto.

“Shikamoo mama, karibu,” anasema kijana wa gereji.

“Marahaba mwanangu. Gari linagonga mbele kushoto, kwenye vishimo vidogo, nikienda polepole. Nikienda haraka silisikii.”

“Hiyo shokapu mama. Tubadilishe zote mbili za mbele.”

“Sawa, lakini kabla hatujanunua kitu, nionyeshe inapolegea. Nataka kuishika kwa mkono.”

Sentensi hiyo ya mwisho haihitaji mzazi ajue ufundi. Fundi anayejua kazi yake hataikasirikia, kwa sababu sehemu nyingi zilizolegea zinaonekana kwa macho zikitikiswa vizuri.

Gari linanyanyuliwa na kuwekwa juu ya stendi, magurudumu ya mbele yakining’inia. Fundi anashika tairi juu na chini na kulitikisa. Likicheza, mwenzake akanyage breki na alitikise tena. Kulegea kukipotea breki ikiwa imekanyagwa, beringi ya gurudumu ndiyo inayoshukiwa. Kukibaki, macho yahamie kwenye boljointi. Kisha anashika tairi kushoto na kulia. Likicheza namna hiyo, mtu mwingine ashike tairodi endi kwa mkono wakati tairi linatikiswa; iliyokufa huonekana ikigonga ndani ya kikombe chake.

Boljointi hupimwa zaidi kwa mtaimbo. Kwenye magari ya muundo huu, springi haikai juu ya mkono wa chini, kwa hiyo gurudumu likining’inia boljointi haina mzigo na kulegea kwake hujitokeza. Mtaimbo unawekwa chini ya tairi na kunyanyuliwa kidogo kidogo huku jicho likiwa kwenye jointi. Mfuniko wake wa raba nao ukaguliwe. Ukichanika, vumbi na maji huingia, grisi hutoka, na jointi huanza kujisaga. Mtaimbo huo huo hutumika kusukuma bushi za kontroli amu ili kuona kama raba imeachana na chuma.

Linki za stabilaiza zina ujanja wake, na hapa ndipo wengi hukosea. Gurudumu moja likinyanyuliwa na jingine likabaki chini, stabilaiza hujipinda na kuzikaza linki, na kulegea kwake kunafichika. Zipimwe magurudumu yote mawili yakiwa chini, au yote mawili yakining’inia. Wapo mafundi wanaozifungua zote mbili, wakazifunga pembeni zisiguse kitu, kisha wakaendesha mita chache kwa mwendo wa polepole sana. Sauti ikipotea, mgonjwa amepatikana. Gari lisitumike hivyo zaidi ya kipimo hicho, maana litalala mno kwenye kona.

Kwa mama huyu wa mfano, boljointi iko imara, shokapu ni kavu, na linki ya kushoto inacheza kama jino bovu. Linki mbili zina bei ndogo kuliko shokapu mbili, na kuzifunga ni kazi ya muda mfupi. Angekubali shokapu, angelipa mara kadhaa zaidi na kurudi nyumbani na sauti yake.

Lakini mfano huo una upande wa pili. Sauti inayofanana na hiyo ingeweza kuwa boljointi. Angeipuuza kwa kudhani ni “kalinki tu”, asingekuwa anacheza na fedha.

Yasiyosubiri mwisho wa mwezi

Boljointi ya chini ikitoka kwenye kikombe chake, gurudumu hulala nje au hukunjika ndani ya madigadi, kona ya gari hushuka na dereva hupoteza usukani upande huo. Bahati ikiwepo hutokea wakati wa kukata kona polepole kuingia nyumbani. Bahati isipokuwepo hutokea barabara kuu, lori likija mbele na watoto wakiwa kiti cha nyuma. Kabla ya siku hiyo, jointi huwa imegonga na kulegea kwa muda mrefu.

Kwa sababu hiyo matokeo ya kipimo yagawanywe makundi matatu, kama wauguzi wanavyopanga wagonjwa mapokezi.

Kundi la kwanza ni la leo leo, na gari lisibebe watoto hadi litengenezwe: boljointi inayocheza, tairodi endi inayocheza, beringi ya gurudumu iliyolegea, springi iliyokatika, na tairi lililotoa uvimbe au kuonyesha nyuzi.

Kundi la pili ni la wiki chache: shokapu zinazovuja, bushi za kontroli amu zilizochanika na mauntini iliyokufa. Katika kipindi hicho safari ndefu ziahirishwe, mwendo upunguzwe na mzigo usizidi. Shokapu mbovu hazilifanyi gari lisimame njiani, ndiyo maana husahaulika. Lakini kwenye barabara yenye mabonde hurefusha umbali wa kusimama, kwa kuwa tairi lililo hewani halina breki.

Kundi la tatu linaweza kungoja mshahara: linki inayogonga, raba za stabilaiza, na mlio mwembamba wa raba kavu. Kungoja mshahara mmoja ni tofauti na kungoja mwaka.

Familia isiyo na fedha ya kutosha kutengeneza kila kitu haina sababu ya kukata tamaa. Ianze na kundi la kwanza. Boljointi mbili na alaimenti zinaokoa zaidi kuliko shokapu nne zinazong’aa juu ya boljointi iliyooza.

Spea na kufunga

Shokapu hubadilishwa kwa jozi, mbili za mbele au mbili za nyuma, ili kulia na kushoto zitulie sawa. Springi nazo vivyo hivyo. Shokapu ya mbele ikishafunguliwa, mauntini na raba ya ndani inayozuia chuma kugonga chuma zikaguliwe papo hapo, kwa sababu kuzifikia tena baadaye ni kulipa ufundi mara mbili.

Maduka ya spea, iwe Gerezani jijini Dar es Salaam au mjini kwingine, huuza vitu vipya na vya mtumba. Chuma kizima kama kontroli amu iliyonyooka kinaweza kufaa kikiwa cha mtumba, mradi bushi na boljointi ziwekwe mpya. Boljointi, tairodi endi na shokapu za mtumba ni kubahatisha tena, maana umri uliokula za zamani umekula na hizo. Mzazi aende na namba ya chesesi, kwa kuwa magari yenye jina moja yanaweza kutofautiana mwaka hadi mwaka. Spea ya zamani arudishiwe mkononi.

Kuna mambo yanayofanyika mitaani ambayo yakataliwe kwa upole na bila mjadala. Boljointi kugongwa nyundo au kuchomelewa ili “ibane” ni kuificha hatari, kwani joto na nyundo hudhoofisha chuma kinachobeba maisha. Springi kukatwa ili gari lishuke, au kuwekewa spesa nene ili lipande juu, hubadilisha pembe za magurudumu na kuzilazimisha jointi kufanya kazi katika mkao ambao hazikutengenezewa. Gari lililonyanyuliwa pia huwa jepesi kupinduka.

Wakati wa kufunga, mambo matatu yanafaa kuulizwa. Je, springi inabanwa kwa kifaa chake? Springi iliyobanwa kwa kamba au waya ikifyatuka inaweza kuua, na watoto wasisogee hapo kamwe. Je, bolti za bushi zinakazwa gari likiwa limekaa kwa uzito wake? Zikikazwa gurudumu likining’inia, raba hubaki imejisokota kila gari likiwa chini, na bushi mpya hupasuka mapema. Je, nati zenye pini ya kuzuia zimerudishiwa pini mpya?

Baada ya kubadilisha shokapu za mbele, boljointi, tairodi endi au kontroli amu, gari liende alaimenti. Kuiruka hatua hiyo ni kutoa sadaka matairi.

Afya ya walio ndani

Mgongo wa dereva nao huathirika. Mtikisiko wa mwili mzima kwa saa nyingi unahusishwa na maumivu ya kiuno kwa madereva. Mtoto anayetapika kila safari huenda ana tabia ya kichefuchefu cha gari tu, lakini kuyumba kwa polepole na kwa mfululizo ndiko hasa kunakochochea hali hiyo, na gari lenye shokapu zilizokufa huyumba hivyo hivyo. Mama mjamzito asiambiwe avumilie kunesa kwa sababu “ni gari la zamani”.

Sasipensheni nzima haiondoi haja ya mkanda. Mtoto mdogo akae nyuma kwenye kiti chake maalumu, na mkubwa afunge mkanda hata kwa safari ya kwenda dukani.

Njia rahisi ya kulifuatilia gari ni kulifungulia daftari, kama mtoto anavyokuwa na kadi ya kliniki. Kila likibadilishwa oili, fundi aombwe kutikisa magurudumu manne na kutazama mifuniko ya boljointi, kazi isiyozidi nusu saa. Daftarini iandikwe tarehe, kilomita, kilichokutwa, kilichobadilishwa na upande gani. Siku gari likilia tena, fundi yeyote, hata asiyelijua, ataanzia pale mwenzake alipoishia. Mzazi ambaye gari lake linalia wiki hii hana haja ya kusubiri daftari. Aanze na kipimo cha boljointi, na watoto wapande daladala hadi jibu litoke.